Wazo Katika Masika: Njia za Maji na Amana ya Usukani

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, akazipita Mwenge, Lugalo na Mbezi, hukiona Kilima cha Wazo kikinyanyuka upande wa kushoto wa barabara. Ubavuni mwake umesimama mtambo wa saruji uliojengwa hapo katika miaka ya 1960 kwa ajili ya mawe ya chokaa yaliyojaa ndani ya kilima chenyewe. Nyumba nyingi za jiji hili, na misikiti mingi pia, zimejengwa kwa saruji iliyotoka hapa. Siku ya anga safi, mtu aliye juu ya kilima huiona bahari ya Kunduchi upande wa mashariki, na akigeuka kuelekea bara huona mabonde na miinuko ya Madale ikifuatana mpaka inapopotea machoni.

Sisi wakazi wa huku tumekizoea kilima hiki kwa sura mbili. Sura ya kiangazi ni ya vumbi jeupe na malori ya saruji yanayopanda na kushuka mchana kutwa. Sura ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni ya maji. Mvua ikinyesha Goba na Madale, maji huteremka kuitafuta bahari, nayo hayajui njia nyingine ila mabonde. Na kila bonde la huku limekatwa na barabara. Kwa hiyo anayesafiri kutoka Wazo kwenda popote, kazini, shuleni, sokoni au msikitini, lazima avuke njia ya maji mahali fulani. Katika miezi ya ukavu havuki kitu, kwa kuwa Mto Tegeta ni korongo la mchanga ambamo vijana huchimba na kupakia magari. Ikifika masika, korongo lile lile huwa mto wenye kelele.

Tumeona tuandike juu ya njia hizi kwa sababu kila mwaka mvua zinapokuja hurudi mjadala ule ule baina ya abiria na dereva: apite au asipite? Sisi tulio katika kamati ya msikiti huulizwa swali hilo kwa namna yetu: madrasa ifungwe saa ngapi, na gari linalowarudisha watoto makwao liondoke au lisubiri? Swali ni dogo kwa maneno, lakini ndani yake mna roho za watu.

KIVUKONI, NJIA YA MADALE

Barabara ya lami kutoka Tegeta Kibaoni hupanda Wazo, ikaingia Madale na kuendelea hadi Goba, kisha ikakutana na Barabara ya Morogoro huko Mbezi. Imewapunguzia watu wengi safari ya kuzunguka mjini. Lakini mitaa mingi huungwa na lami hiyo kwa njia za udongo, na njia hizo huvuka makorongo kwa vivuko vya zege vilivyo sawa na kitako cha korongo. Mhandisi aliyevijenga alikusudia maji yapite juu yake wakati wa mvua, na magari yapite baada ya maji. Hakukusudia vipite pamoja.

Asubuhi moja ya masika tulikuwa kwenye kivuko cha namna hiyo. Mvua ilikuwa imekatika Wazo, na jua lilikuwa limeanza kutoka, lakini mawingu yalikuwa bado meusi upande wa juu, na maji yalikuwa yakiongezeka badala ya kupungua. Mbele ya foleni lilisimama gari la abiria lililojaa wanafunzi wenye sare. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda, gari dogo la familia na lori la kokoto. Vijana watatu walikuwa majini, suruali zimekunjwa hadi mapajani, wakiwapungia madereva mikono waje. Kwani gari likipita salama wao hupewa chochote, na likizimika hulipwa zaidi kwa kulisukuma.

Bajaji moja ilikuwa imepita. Dereva wa wanafunzi, mtu wa makamo, alishuka, akaenda mpaka ukingoni, akayatazama maji kwa muda, akarudi na kuzima injini. Honi zikaanza nyuma yake.

"Kaka, pita bwana, tunachelewa!" mwenye gari dogo alimwambia. "Bajaji imepita, wewe na gari lote hilo unaogopa nini?"

"Ndugu yangu, bajaji imepita na dereva wake peke yake," alijibu. "Mimi nina watoto wa watu kumi na wanne."

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka kwa miguu, kapu lake la mboga likiwa kichwani, akasogea.

"Shikamoo, bibi," dereva alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Usiwasikilize. Kawia ufike."

Dereva akachukua simu, akawaita wazazi mmoja baada ya mwingine. Wengine walikubali, na mmoja tulimsikia akifoka hata nje ya simu. Baada ya saa moja na nusu hivi maji yalishuka, alama za kingo za zege zikaonekana, na gari likavuka. Watoto walikosa vipindi viwili vya asubuhi. Hiyo ndiyo hasara yote iliyopatikana siku ile, na hatujapata kusikia mzazi aliyeilalamikia baadaye.

MAJI HUFANYAJE GARI

Kauli ya "bajaji imepita" ina hatari kwa kuwa haitazami nguvu ya maji. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, nchi ambayo mafuriko huwaua watu wengi wakiwa ndani ya magari yao, imekuwa ikiwafundisha madereva vipimo vitatu vilivyo rahisi kukumbuka. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulielea na kulichukua gari dogo. Yenye kina cha sentimita 60 huyachukua magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini kwa urefu wake.

Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Gari dogo la familia lina urefu wa karibu mita 4 na upana wa mita 1.7. Kila sentimita 10 ambazo maji yanapanda juu ya sakafu yake, gari husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na takriban kilo 680 za maji. Ikiwa gari lina uzito wa tani moja, basi sentimita 20 juu ya sakafu zinatosha kuliondolea uzito wake wote. Matairi hayagusi tena ardhi, usukani haugeuzi kitu, breki hazishiki kitu, na mwendeshaji sasa ni maji. Nguvu ya mkondo nayo haiongezeki kwa kiasi kile kile cha kasi: kasi ya maji ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Ndiyo maana kivuko kilichopitika saa moja asubuhi huweza kuua saa moja na robo.

Kuna na lisiloonekana. Maji ya mafuriko ni ya rangi ya udongo, na chini yake barabara yaweza kuwa imekwisha kukatika. Mtaro usiofunikwa, chemba iliyoibiwa mfuniko, ukingo wa kalavati uliomegwa usiku, vyote hufichwa chini ya uso mmoja uliotulia. Hata pasipo mkondo, injini ikivuta maji badala ya hewa huharibika papo hapo, kwa kuwa maji hayabanwi na pistoni kama hewa inavyobanwa. Gari lililozimikia majini kisha likawashwa tena kwa pupa hutoka hapo kwa kuvutwa.

BUNJU, MPIJI NA MABWEPANDE

Tukitoka Tegeta kuelekea kaskazini, Barabara ya Bagamoyo hutupitisha Basihaya na Boko, ambako ardhi ni tambarare na maji hutuama badala ya kukimbia. Hapo adha ni ya namna nyingine. Gari kubwa likipita kwa kasi katika mtaa uliofurika hutengeneza wimbi, na wimbi hilo huingia katika nyumba ambazo wenyewe wametoka kuyachota maji kwa ndoo usiku kucha, au huzimisha gari dogo lililokuwa likijikongoja pembeni. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu ni yule ambaye watu husalimika na ulimi wake na mkono wake. Katika zama zetu mkono huo umeshika usukani, na anayemrushia matope mama aliyebeba mtoto kando ya barabara, kisha akaendelea na safari bila hata kugeuza shingo, ajiulize ikiwa watu wamesalimika naye.

Mbele ya Boko ni Bunju, na mbele ya Bunju ni Mto Mpiji, mpaka wa mkoa wetu na Mkoa wa Pwani. Mvua za Aprili 2014 ziliharibu daraja la mto huu na kukata njia ya Bagamoyo, siku zile zile ambazo mvua hizo zilileta uharibifu pia katika Barabara ya Kilwa upande wa kusini mwa jiji. Tunalitaja kwa sababu wapo madereva wanaodhani hatari iko katika njia za udongo tu, na kwamba lami na daraja la serikali ni hakikisho. Daraja hubebwa na udongo uliolizunguka. Udongo ukichukuliwa, lami hubaki ikining'inia kama mkeka uliotandikwa juu ya shimo.

Kutoka Bunju, njia ya kushoto huingia Mabwepande. Leo pana nyumba, maduka na misikiti, na mgeni hawezi kujua kwamba wengi wa wakazi wa mwanzo wa eneo lile waliletwa na maji. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema jiji halikupata kuiona mfano wake tangu mwaka 1954. Bonde la Mto Msimbazi lilijaa, Jangwani ikawa ziwa, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Serikali iliwahamishia waathirika wengi huku Mabwepande, katika mahema kwanza, kisha katika viwanja. Wazee wa pale bado husimulia usiku ule. Jangwani yenyewe haikuacha kufurika: tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mara nyingi yamelazimika kusimamisha safari kwa kuwa barabara ya Jangwani imezama. Basi kubwa, lenye dereva aliyesomea kazi na kampuni nyuma yake, husimama; sembuse sisi wenye vigari vyetu.

Waliotangulia kulipuuza hilo wamelipia gharama kubwa. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, daraja likiwa limefunikwa na maji, watu wakiwa kandoni wanatazama. Lilisukumwa, likapinduka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 12 Aprili 2024, huko Muriet jijini Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka wanafunzi shule lilisombwa na maji na kutumbukia korongoni, na watoto kadhaa hawakurudi nyumbani. Siku 13 baadaye Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236 nchini. Wote hao hawakufia barabarani, lakini kila mmoja wetu anajua kuwa barabara ilichukua fungu lake.

"MUNGU YUPO" NA MAANA YAKE

Katika foleni za masika husikika maneno mawili ambayo sisi Waislamu hatuna budi kuyapima. La kwanza ni "Mungu yupo", na la pili ni "siku ikifika imefika". Yote mawili ni kweli. Tatizo ni mahali yanapotumiwa: hutamkwa mguu ukiwa tayari juu ya mafuta.

Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham, alipata habari kuwa nchi ile imeingiwa na tauni. Baada ya kushauriana na masahaba akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaitoka kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha akampigia mfano wa mchungaji aliyefika penye bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na jingine ni kame, kwamba popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari ya Allah. Baadaye ikabainika kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amefundisha lile lile kuhusu tauni. Dereva anayegeuza gari penye korongo lililojaa anafuata fahamu hii. Kugeuza kwake nako kumo katika kadari, na hakuna imani iliyopungua. Ndivyo pia alivyofundishwa yule aliyetaka kumwacha ngamia bila kumfunga kwa hoja ya kutawakali: afunge kwanza, kisha atawakali. Na katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Wanazuoni wa zama hizi wameliangalia jambo hili kwa macho ya fiqhi. Baraza la kimataifa la fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Bandar Seri Begawan, Brunei, mwaka 1993, lilijadili ajali za barabarani. Liliamua kuwa kufuata sheria za barabarani zisizogongana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowafanyia wengine, isipokuwa pale yalipotokea kwa nguvu asiyoweza kuizuia wala kujikinga nayo. Msomaji apime: mafuriko yanayomkuta mtu usingizini ni nguvu asiyoweza kuizuia. Mafuriko yaliyo mbele ya kioo cha gari, ambayo dereva ameyaona, ameonywa, na ana gia ya kurudi nyuma, yataitwaje? Anayeua bila kukusudia naye hakuachwa hivi hivi katika dini yetu. Suratun Nisaa, aya ya 92, imemuwekea diya kwa warithi na kafara mbele ya Mola wake. Sheria ya nchi nayo, tangu ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, imefanya uendeshaji wa kutojali kuwa kosa, na haikuandika kwamba mvua ni udhuru.

NANI ANAYESUKUMA GARI MAJINI?

Hata hivyo tungekuwa hatujatenda uadilifu kama tungemtwisha dereva mzigo wote. Nenda Tegeta Nyuki alfajiri ya siku ya mvua, utazame daladala zinavyojipanga. Dereva anadaiwa hesabu ya siku na tajiri, na hesabu haipungui kwa kuwa barabara imefurika. Akikaa saa mbili penye maji, fedha ya jioni itatoka mfukoni mwake. Konda naye anaishi kwa kinachobaki. Nyuma yao wamesimama abiria, mmoja ana mwajiri asiyesikiliza udhuru, mwingine ana biashara inayoharibika, na wote kwa pamoja hupaza sauti, "Suka, twende!" Gari linapoingia majini, mguu wa dereva ndio uliokanyaga mafuta, lakini wengi walikuwa wameukandamiza.

Mtume (s.a.w.) ametwambia kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye gari amechungishwa, na akitamka kabla ya msimu kwamba siku ya mafuriko hesabu itapunguzwa au itasamehewa, atakuwa amenunua roho za watu kwa fedha kidogo. Mwajiri amechungishwa. Mwalimu mkuu anayewafungia geti watoto waliochelewa siku ya mvua amechungishwa. Geti lake ni sehemu ya sababu zinazomfanya dereva wa watoto akimbie. Mzazi anayefoka kwenye simu naye amechungishwa. Na abiria mmoja tu akisema kwa sauti, "Dereva, sisi tutasubiri," humpa dereva ngao ambayo hakuna askari wa barabarani awezaye kumpa.

Uongozi wa misikiti nao umo. Watu wengi hawajui kuwa dini yetu ilikwisha kuifikiria siku ya mvua kubwa. Ibn Abbas (r.a.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwagiza mwadhini kwamba mahali pa kuwaita watu waje kwenye Swala, awatangazie waswali majumbani mwao. Watu waliposhangaa aliwaambia kuwa hilo alilifanya aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (s.a.w.), na kwamba hakupenda kuwatoa watu watembee katika matope na utelezi. Ikiwa Swala ya Ijumaa imepewa ruhusa hiyo, darsa la jioni, kikao cha kamati au walima utakosaje? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wa huku pwani tunaifuata, ipo pia ruhusa ya kuzikusanya swala msikitini kwa sababu ya mvua kwa masharti yake. Maimamu wetu wawafundishe watu ruhusa hizi kabla ya masika, ili siku yenyewe ikifika mtu asiingie korongoni akidhani anaikimbilia thawabu.

YA KUSHIKA KABLA NA WAKATI WA MVUA

Tunayakusanya hapa machache ambayo kila familia yenye gari, au yenye mtoto anayepanda gari la watu, inaweza kuyashika.

Kwanza, taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za mvua kubwa kabla hazijafika, na redio hutangaza. Tahadhari ikitoka, safari isiyo ya lazima iahirishwe, na ya lazima itafutiwe njia isiyovuka korongo hata ikiwa ndefu. Kwa wakazi wa Wazo na Madale, mvua ya kuangalia ni ile ya juu, upande wa Goba, hata kama kwetu jua linawaka.

Pili, gari lenyewe. Tairi vipara, vipangusio vya kioo vilivyochakaa na taa mbovu havina nafasi katika masika. Kwenye mvua kubwa punguza mwendo, washa taa za kawaida, na uache nafasi mara mbili ya ile ya siku kavu kati yako na gari la mbele. Ukitoka penye maji, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke kabla hujaziamini.

Tatu, penye maji. Kama huioni ardhi, au maji yanakwenda kasi, usiingie. Gari lililotangulia si kipimo, na kijana anayekupungia mkono si kipimo. Kipimo ni alama. Serikali za mitaa na kamati za misikiti zinaweza kusimamisha nguzo yenye rangi pembeni mwa kila kivuko, nyekundu ikianzia sentimita 15, ili hata mtoto aweze kusema "maji yamefika nyekundu" na mjadala ukaishia hapo. Kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Na nguzo hiyo inagharimu mfuko wa saruji, bomba na kopo la rangi. Saruji yenyewe, alhamdulillahi, inatoka mlimani kwetu.

Nne, ikiwa gari limekwisha chukuliwa. Usisubiri lizame. Fungua mikanda, shusha vioo mara moja kabla umeme wa gari haujakatika, utoe watoto kwanza kupitia dirishani, kisha utoke wewe na kupanda juu ya gari au kushika kitu imara. Mlango hautafunguka kwa kuwa maji yanausukuma kutoka nje. Kioo kikikataa, chomoa kiegemeo cha kichwa, tumia vyuma vyake kuvunjia kioo cha pembeni. Cha mbele ni kigumu mno. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya Polisi ni 112. Zifundishwe kwa watoto kama wanavyofundishwa dua ya safari.

Tano, watembea kwa miguu na bodaboda. Pikipiki ni nyepesi kuliko gari, na abiria wake hana cha kushika. Mzazi asimpakie mtoto bodaboda kuvuka maji, hata kama dereva ni jirani na anaapa kuwa anaijua njia.

Masika haya yatapita kama yalivyopita mengine. Makorongo yatakauka, vijana watarudi kuchimba mchanga, na vumbi la Wazo litarudi katika mapaa ya nyumba zetu. Kati ya sasa na wakati huo kuna asubuhi nyingi za kuvuka. Tunamuomba Allah (s.w.) aifanye mvua hii kuwa ya rehema na yenye kunufaisha, awarehemu waliochukuliwa na maji katika miaka iliyopita, awape subira wafiwa, na awape madereva wetu ujasiri wa kusimama pale watu wote wanapowaambia waende.

Wabillahi Tawfiiq.